Paka wa Mama Gerejini

Paka wa mama yangu walikaa gerejini karibu miaka miwili kwa kosa ambalo hawakulifanya, na aliyewasingizia anakula chakula changu mpaka leo. Watu wananiambia nina roho ngumu. Ninayo, na naitunza vizuri.

Nyumba yetu iko Mbale, upande wa viwanda, nyuma ya maghala ya mahindi. Panya wa huku wamenenepa kwa unga na hawamkimbii mtu. Mama alipopanda kutoka Jinja kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, alikuta panya anatembea juu ya neti ya mtoto mchana kweupe. Safari iliyofuata alishuka kwenye taksi na kikapu kilichofungwa kwa khanga, na ndani yake paka wawili wa kijivu, mama mtu na bintiye, waliozaliwa chini ya kitanda chake. Baada ya hapo tukaanza kuishi kama watu. Binti yangu alijifunza kusimama kwa kumshika yule paka mkubwa mgongoni, na paka akawa anamngoja.

Kisha akaja wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, alifiwa na mumewe, na hakuna aliyeuliza kama atakaa kwetu au kwingine. Alikuja na majiko yake ya mkaa, masinia, na makopo ya udi. Hiyo ndiyo kazi yake: anakatakata vijiti vya msandali, anavipika kwa sukari na mafuta ya manukato mpaka vinang'aa, halafu wanawake wanakuja kununua. Sisi Wanubi hatuozi binti bila udi. Bibi harusi anafukizwa mwili, nguo zake zinafukizwa, hata matandiko. Na wifi yangu anaujua udi, sitamnyima haki yake. Anajua pia kufunua masufuria ya watu na kusema chumvi haijatosha.

Mtoto alikuwa na miaka minne alipoanza kubanwa na kifua. Mwanzoni ilikuwa kikohozi, baadaye akawa anavuta pumzi kwa mluzi, mabega yakipanda na kushuka. Wifi alimtazama, akawatazama paka kwenye zulia.

"Hii paka ya mama yako ndio iko naleta hii kitu," aliniambia. "Nywele yake naingia kwa kifua ya mtoto."

Tulimpeleka kliniki. Wifi naye alikuja, na kabla sijafungua mdomo alishamwambia daktari habari ya paka. Yule daktari alikuwa na haraka. Alisema ndiyo, manyoya ya paka huleta aleji, akaandika dawa. Jioni ile mume wangu alitoa gari gerejini akaliegesha nje, likaanza kuliwa na vumbi la mashine za kusaga, na paka wakaingia mle. Niliwawekea magunia ya kulalia na karai la mchanga. Walikaa nyuma ya ule mlango wa bati wakilia, na binti yangu alikaa upande wa pili akilia nao.

Panya walirudi, bila shaka. Wiki haikuisha wakaupata udi wa wifi, maana una sukari, wakala kopo zima la oda ya harusi. Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Lakini mtoto hakupona. Na kadiri alivyozidi kubanwa, ndivyo wifi alivyozidi kumtibu kwa namna anayoijua. Kila Maghrib aliwasha chetezo, akatia ubani na udi, akamfunika mtoto kwa shuka juu ya ule moshi na kumsomea. Hakuna aliyemzuia. Kwetu ubani hauitwi moshi, unaitwa dawa. Mtoto mchanga anafukizwa, mgonjwa anafukizwa, nyumba yenye hasidi inafukizwa. Mtoto alitoka chini ya shuka akiwa na macho mekundu, akikohoa, na wifi alisema ubaya unatoka.

"Lakini ile manyoya ilishaingia sana," aliongeza.

Halafu akampigia mama yangu simu. Mimi sikuwapo. Nilikuja kujua kwa sababu mama aliacha kuja. Nilipomuuliza alisema miguu inamsumbua, baadaye akasema taksi zimekuwa ghali, na mama yangu hakuwa hodari wa kudanganya. Mwishowe alisema, "Wifi yako alinieleza. Mimi ndiye nilileta ugonjwa kwa nyumba yako." Nilimwambia aachane na maneno hayo. Alijibu sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo. Alivaa gauni jipya kabisa la gomesi, ambalo halijawahi kuingia nyumba yenye paka, na bado alikataa kuvuka kizingiti. Aliomba kiti, akakiweka barazani karibu na dirisha la sebule. Aliongea na mjukuu wake kupitia nondo za dirisha, akimpitishia karanga moja moja. Mtoto alitaka kutoka nje. "Kaa huko ndani, Haboba anakuona," alimwambia. Haboba ndivyo tunavyomwita bibi. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kochi, nyuma ya mtoto, anachagua vijiti vyake. Hakuinua kichwa kusema, mama, karibu ndani.

Mama alifariki kabla ya Ramadhani. Moyo. Tulikwenda Jinja wote. Kabla jeneza halijatolewa nyumbani, mzee mmoja wa msikiti alisimama mlangoni akafanya kama inavyofanywa: akawaomba waliohudhuria, kama marehemu alimkosea mtu, amsamehe, ili aende mwepesi. Watu waliitikia kwa pamoja, tumemsamehe. Hilo ni neno la wote, husemwa mara moja na kazi inaendelea. Wifi yangu, amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, alingoja wenzake wanyamaze.

"Na mimi nimemsamehe," alisema. "Hata ile ya mtoto."

Wanawake waligeuka wakanitazama. Shangazi mmoja aliuliza kwa kunong'ona, alimfanya nini mtoto? Nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda cha mama. Moyoni nilisema, wewe, nitakulipa. Sijawahi kuweka nia safi namna ile hata kwenye sala.

Mungu hachelewi. Binti wa wifi alijifungua huko Bombo, na wifi akaenda kukaa naye mpaka atoke arobaini. Majiko yakazimwa. Siku zikapita, na nyumba ikawa na kitu ambacho sikukitambua mara moja. Ilikuwa kimya cha kifua cha mtoto. Alasiri moja nilimtafuta nyumba nzima, nikamkuta gerejini, amejilaza juu ya magunia, yule paka mkubwa amelala kifuani pake. Nilisimama pale nikisikiliza. Alikuwa anapumua kama mimi na wewe.

Nilimpeleka kwa daktari mwingine, mama mmoja mwenye kliniki yake barabara ya kwenda Wanale. Huyu alimpima taratibu, akaniuliza nini kimebadilika nyumbani. Nilimwambia hakuna, ila wifi yangu amesafiri. Akatabasamu, akasema wifi haleti pumu. Anafanya kazi gani? Nilipotaja udi aliweka kalamu chini. Nilipomweleza habari ya shuka na chetezo, alishika kichwa. Alisema kwa kifua cha mtoto huyu moshi ule ni sumu, paka wangeweza kumletea chafya, lakini si hiki. "Hiyo ubani ikome leo," alisema.

Niliporudi sikumpigia wifi simu. Kwa nini nimpe nafasi ya kujiandaa? Niliwaacha paka waingie sebuleni na nikangoja.

Alirudi na watu wa harusi nyuma yake. Walikuja wanawake kama kumi wa upande wa bibi harusi, wakajaza sebule, wanuse udi kabla ya kununua. Nilimpeleka mtoto kwa jirani. Nilitoa vikombe vya wageni, nikamimina chai mwenyewe, nikamtanguliza wifi kwa heshima zote. Alipowasha kaa la kwanza ndipo nikasema, bila kupandisha sauti, kwamba tumepata jibu la daktari. Nikawaeleza jinsi mtoto alivyokuwa akifunikwa juu ya chetezo kila Maghrib. Nikawaeleza kwamba paka wale pale kwenye zulia hawana hatia, na kwamba wengi wao hapo, Wanubi wenzetu, walikuwapo msibani Jinja, walisikia mama yangu akisamehewa. Sasa wajue alisamehewa dhambi ya nani.

Wifi alisema, "Mimi nilikuwa nataka mtoto apone."

Mama wa bibi harusi alifunika kopo alilokuwa amelifungua, akalirudisha kwenye sinia. Waliaga mapema, chai haijapoa. Niseme ukweli: ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia, na utamu wake sijaumaliza.

Kesho yake mume wangu, bila kuambiwa na mtu, alibeba majiko na masinia ya dada yake akayapeleka gerejini. Wifi anapikia huko sasa, mlango wazi, na wateja wake wanaingia kwa geti la nyuma. Alikuja kuniomba radhi, akilia kweli. Nilimwambia mimi si wa kuombwa. Aliyedhulumiwa alikaa barazani kwangu kama mgeni asiyejulikana, na hapokei simu tena.

Binti yangu ana miaka saba na anampenda shangazi yake. Juzi nilimtuma ampelekee chai gerejini. Aliporudi alikaa jikoni akinitazama nikikata vitunguu.

"Mama, Haboba alijua kama si paka?"

"Hakujua."

"Hakuna mtu alimwambia?"

"Alikuwa ameshafariki."

Alifikiri kidogo. Kisha akatoka, na nilidhani anakwenda kucheza. Alirudi ameshika kile kikombe cha shangazi yake kwa mikono miwili, chai imebaki zaidi ya nusu, akaimwaga kwenye karo. Huko nje nilimsikia wifi akimwita jina lake mara mbili. Mtoto hakuitika, nami sikumwambia aitike. Nilimsogezea sabuni, akaosha kikombe.