Mbwa Niliyemzuia Kukimbia

Sijaisahau Jumatatu ile, mwanangu, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe na nyinyi siku hizi mnachora kwa kidole kwenye simu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mchoraji katika duka la uchapishaji la Mzee Salim, Homa Bay mjini. Nilijiona fundi asiye na mwenzake kuanzia Rongo hadi ziwani. Mzee Salim, aliyehamia kwetu kutoka Lamu zamani, alikuwa akichapisha vijitabu vya katuni vya kuuzwa sokoni. Asubuhi hiyo akaingia na msichana mwembamba aliyebana daftari kwapani.

"Ouma, huyu ni Atieno, ametoka Macalder," akasema. "Mtachora pamoja."

Nikamwomba anionyeshe daftari. Laiti nisingeomba.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mtu anashuka mlima kwa baiskeli. Mimi ningechora kila spoku ya gurudumu, kila kifungo cha shati, nami ningesifiwa. Atieno hakuchora spoku hata moja. Magurudumu yalikuwa miviringo iliyofifia, shati limejaa upepo mgongoni, mistari mitatu miembamba inafuata nyuma, na gurudumu la mbele limekwisha kutoka nje ya fremu. Mwanangu, niliinamisha kichwa pembeni kana kwamba litanigonga! Mzee Salim akacheka. Mimi nilihisi kama mtu aliyefika mezani akakuta chakula chake kimeliwa.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Wateja walipita mbele ya meza yangu wakaenda kusimama nyuma yake. Akichora, alikuwa akiuma ulimi na kutikisa mabega kama anayekimbia, na hata hilo liliniudhi. Nyumbani nilijaribu kuiga mistari yake. Yangu ilitoka kama mvua inayomnyeshea mtu aliyesimama.

Kisha Mzee Salim akampa kazi ya kijitabu kizima: mbwa ameiba samaki, mbuta mkubwa, na mama mwenye samaki anamfukuza soko zima. Kikipendwa, Atieno ndiye angechora vyote vitakavyofuata. Alichora kwa penseli siku tatu. Mbwa amejinyoosha, masikio yamelala, miguu haigusi ardhi na kivuli chake kiko mbali chini yake. Mama ameinamia mbele hadi unaogopa ataanguka, leso imebaki nyuma. Nyanya ziko hewani. Kadiri mbio zilivyozidi, fremu zilizidi kuwa nyembamba, na macho yako yakakimbia pamoja nao.

"Ouma, wewe una mkono thabiti," Mzee Salim akaniambia. "Pitisha wino juu ya penseli yake."

Atieno akaniletea kurasa kwa mikono miwili. "Nakuachia, kaka," akasema. "Usinipotezee mbwa wangu."

Alasiri ile nilikuwa peke yangu dukani. Sikukaa chini nikapanga ubaya, nakuambia kweli. Nilianza na kivuli kimoja tu, nikakisogeza chini ya miguu ya mbwa, nikajiambia nasafisha. Halafu nikafuta mistari ya upepo. Nikamwinua mama akasimama wima. Nikazirudisha nyanya mezani, moja moja, nikazitilia na mng'aro. Nilichora kila unywele wa yule mbwa. Nilipomaliza, kila kitu kilikuwa kizuri, na hakuna kilichokwenda popote.

Vijitabu vikachapishwa vikiwa na jina la Atieno. Sokoni, muuza dagaa wa omena alifungua kimoja, akageuza kurasa mbili, akasema kwa sauti, "Omera, ndugu yangu, huyu mbwa anakimbia ama anangoja gari?" Watu wakaangua kicheko. Atieno alikuwa amesimama pale pale, na mimi pia. Mwanangu, nilifurahi. Naona haya kukuambia, lakini nilifurahi.

Mzee Salim alituita. Atieno akakifungua kijitabu mbele yake. "Hii si kazi yangu, Mzee. Mbwa wangu hakuwa hivi."

"Ouma, ulibadilisha?"

"Nilisafisha tu," nikajibu.

Atieno alinitazama, akangoja niseme zaidi. Nilitazama viatu vyangu. Mzee akamwambia arudi kwao apumzike kwanza, naye akaondoka bila kuniaga.

Wiki moja baadaye Mzee Salim aliniita dirishani. Alikuwa ameshika ule ukurasa wa mbwa nilioutia wino, ameuinamisha kwenye mwanga wa jua. Nikaona nilichokuwa nimesahau: penseli ya Atieno ilikuwa nzito. Mistari niliyoifuta ilikuwa imeacha mitaro kwenye karatasi, na mbwa wake alikuwa bado anakimbia chini ya mbwa wangu.

Hakupandisha sauti. "Ungeniambia unamwonea wivu ningekuelewa, Ouma. Hata mimi nina jirani ninayemwonea wivu. Lakini umenifanya nimfukuze mtu kwa kosa lako. Nenda ukamwambie mwenyewe, mbele ya mamake."

Nilikwenda Macalder. Nilimkuta na mamake wakiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai. Nikasema yote nikiwa nimesimama, jasho linanitoka. Mamake akageuza uso. Atieno akaonyesha mti ulio mbali kidogo.

"Kimbia mpaka pale, urudi."

Nilikimbia na viatu vyangu vya mjini. Niliporudi nahema, akaniuliza, "Mwilini mwako nini kilitangulia? Nini kilichelewa?"

"Kifua kilitangulia. Miguu ilikuwa inakifuata. Na shati lilinibaki nyuma."

"Basi hivyo ndivyo ninavyochora. Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuonyesha." Akarudi kwenye karai lake.

Mzee Salim alimrudisha Atieno kazini. Atieno akachora upya, akatia wino mwenyewe, na soko likacheka kicheko kingine. Mimi niliondolewa kwenye katuni, nikaenda Rongo kuchora mabango ya maduka. Leo Atieno anaishi Migori, ana wajukuu, na tunasalimiana vizuri. Lakini hajawahi tena kuniachia kurasa zake, wala simlaumu. Na kila nikiona kazi yake mpya, bado kitu kinaniuma hapa kifuani. Kimepungua, hakijaisha.

Kwa hiyo nisikilize. Wivu utakujia, hasa kwenye kazi unayoipenda sana. Ukikujia, usiuite kwa jina jingine kama nilivyouita kusafisha. Mwendee yule unayemwonea wivu, umwambie kazi yake imekushinda, umwombe akuonyeshe anafanyaje. Utaona aibu kwa dakika chache tu. Na kama umekwisha kumharibia, sema kabla hujaulizwa, maana nilipokaa kimya pale mbele ya Mzee ndipo nilipompoteza rafiki ambaye sikuwa hata nimempata.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na moyo wa kufurahia mikono ya wenzako. Kazi yako ipendwe hata na wale watakaotamani ingekuwa yao.