Kornelia na Darasa Lililogeuka

Kornelia hakwenda shule kutafuta kazi. Alimpeleka binti yake Mary kuanza darasa la kwanza pale kijijini Dirma, akitegemea kurudi nyumbani mapema kabla ndama hawajafunguliwa. Lakini Mary aling'ang'ania shuka la mama yake na kukataa kuliachia. Kornelia akaketi naye dawati la nyuma, kwa muda tu.

Mwalimu wa darasa, Octavian, alikuwa kijana kutoka Ruvuma, ndiyo kwanza amepangiwa kazi. Aliingia, akasema, "Simameni." Hakuna aliyesimama. Watoto walikuwa wa wafugaji, na nyumbani kwao kilizungumzwa Kidatoga tu. Mwalimu akainua mikono juu kuwaonyesha. Watoto nao, wakiwa wameketi vizuri, wakainua mikono juu. Kornelia akaona aibu kwa niaba yake, akasema neno moja kwa Kidatoga, na darasa zima likasimama.

Baada ya hapo hakuna aliyemruhusu kuondoka. Mwalimu alisema, Kornelia akasema, watoto wakatenda. Wakitaka kwenda haja, waliomba ruhusa kwake. Siku moja Octavian mwenyewe, bila kujijua, alimwomba ruhusa ya kwenda kunywa chai, naye akamruhusu.

Mwalimu mkuu, Emilian, aliposikia habari hizo alikuja akaeleza kwa adabu kwamba mtu mzima asiye mwalimu wala mwanafunzi haruhusiwi kukaa darasani. Kornelia hakubisha. Alitoka, akaketi nje kwenye dirisha la nyuma, kumsubiri Mary. Watoto wakageuza madawati yao wakatazama dirisha. Octavian akawarudisha, wakageuka tena. Alipochoka, aliponda makaa ya betri kuukuu, akapaka ubao mpya kwenye ukuta wa nyuma, naye akahamia huko. Mvua zilipoanza, alimtafutia Kornelia mwavuli. Mwalimu mkuu alikuwa akipita kutazama, na kila alipopita aliridhika, maana agizo lake lilikuwa linafuatwa.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Kornelia kilikuwa cha mnadani. Maneno ya ng'ombe, chumvi na dawa ya kupe aliyajua vizuri, mengine alikisia. Siku ya somo la maumbo, Octavian aliwaambia watoto wachore pembetatu. Kornelia alishangaa kidogo, lakini hakuona kuwa ni kazi yake kubishana na mwalimu. Akawaambia watoto wachore ng'ombe mwenye pembe tatu. Wakachora. Wengine waliiweka pembe ya tatu katikati ya paji la uso, wengine begani, kwa kuwa hawakuona pengine pa kuiotesha. Octavian alipita na kalamu nyekundu. Alihesabu pembe, zikawa tatu kweli. Akafikiri kwamba huenda ndivyo maumbo yanavyoeleweka huku, akaweka vema kwa wote.

Watoto walirudi nyumbani na habari kwamba shuleni kuna ng'ombe wa pembe tatu. Keshokutwa yake wazee wakafika wakiongozwa na Mzee Gidabuday, ambaye hakuna kijijini aliyemzidi kwa mifugo. Hakuja kutazama tu. Kama ni dume, alitaka lipande mitamba yake.

Asubuhi hiyo hiyo alifika Imakulata, afisa elimu wa kata, kukagua shule. Alikuta darasa limegeuka nyuma, mwanamke yuko nje ya dirisha na mwavuli akifundisha, na wazee wenye fimbo wanachungulia vyoo wakitafuta ng'ombe. Akauliza yule mwanamke ni nani. Mwalimu mkuu akajibu kwamba hayumo darasani.

Imakulata aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akamwomba Kornelia awaeleze jambo lilivyo. Kornelia akasema kwamba mwalimu ndiye aliyetaka ng'ombe wa pembe tatu. Ndipo Octavian alipochora pembetatu ubaoni na kumwonyesha kona zake moja moja. Kornelia alipoelewa, uso ulimwaka. Alitamani afunge mwavuli ajiendee zake. Lakini aliwageukia wazee na kusema, mbele ya watoto wote, kwamba ng'ombe hayupo. Kosa ni lake, kwa sababu pembe aliyoisema mwalimu ni kona.

Mzee Gidabuday aliunyooshea ule mchoro fimbo. Akauliza kama ng'ombe akipigana na mwenzake humchoma kwa kona. Kornelia akatafsiri.

"Mtu anayeweza kupotosha kijiji kizima kwa neno moja," mzee akasema, "mnamwachaje nje? Mwingizeni ndani mumwangalie."

Hayo nayo Kornelia ilimbidi ayatafsiri mwenyewe, na hakupunguza kitu.

Imakulata aliona kwamba tangu asubuhi hajasikia neno lenye busara kuliko hilo. Ikakubaliwa kwenye mkutano wa kijiji kwamba Kornelia awe msaidizi wa darasa, wazazi wamchangie mahindi na maziwa, na kila asubuhi kabla ya kengele Octavian ampitishe kwenye maneno ya siku. Alipewa na kiti. Siku ya kwanza alisimama mpaka mapumziko, kwa kuwa hakuna aliyemweleza msaidizi huketi saa ngapi. Polepole alijifunza kusoma pamoja na watoto, akiwa nyuma kidogo ya Mary.

Mwaka huu Octavian amehamishiwa Masieda, huko Mbulu, ambako watoto wanazungumza Kiiraqw. Siku ya kwanza aliwaambia waketi, kwa Kidatoga safi, akiamini kwamba sasa ameiva. Wakabaki wamesimama wakimtazama. Akatoka nje, akampigia Kornelia simu kumwomba ushauri.

"Subiri, Mwalimu, nina watoto hapa," Kornelia akamwambia, akaiweka simu mezani bila kuikata.

Octavian akasimama pale uwanjani, simu sikioni, akasikiliza kipindi kizima. Kilikuwa cha irabu, na hakikuwa kibaya.