Jina la Tulibaki

Mwanangu, ile siku ningali nayo moyoni. Tulikuwa tunatwanga muhogo, karani wa serikali akafika na baiskeli, matope hadi magotini, akiandika majina ya vijiji vya kati ya Kasongo na Kabambare. Aliyejua kusoma pale nilikuwa mimi peke yangu, binti aliyetoka kwenye masomo ya mapadri. Nikaitwa.

"Dada, hapa munaita namna gani?"

Kijiji chetu kiliitwa Tulibaki. Zamani, misafara ya pembe za ndovu ikitoka Nyangwe, wapagazi waliougua waliachwa kando ya njia. Wachache wakapona, wakapanda migomba, wakazaa. Ndio sisi. Lakini shuleni Kasongo wenzangu walinicheka, wakiniita Mabaki, na aibu ile ilikuwa haijapoa. Nikamjibu karani, "Hapa ni sehemu ya kile kijiji kikubwa cha ng'ambo ya mto." Akaandika, akaenda zake.

Mvua zilipokwisha, mwalimu akatumwa, na mabati ya shule. Vyote vikaenda ng'ambo. Watoto wetu wakawa wanavuka mto juu ya gogo, hata asubuhi moja mdogo wangu akateleza. Wavuvi walimtoa hai, tumbo limejaa maji. Hapo ndipo nilipomwambia nyanya yangu nilichokifanya.

Hakupandisha sauti, na afadhali angenichapa. Alisema, "Mama yangu aliachwa hapa mu njia, iko na homa, watu wanapita wanamuangalia tu. Leo wewe umemuacha mara ya pili."

Nililia, mwanangu. Kesho yake nikashika njia ya Kabambare, kwenye ofisi ya karani, kwa miguu, siku mbili. Karani alinicheka, kisha akafungua daftari, nami nikaliandika jina kwa mkono wangu. Mwalimu wetu alichelewa sana, lakini alikuja, akafundishia chini ya paa la nyasi, na mdogo wangu akakaa mstari wa mbele.

Siku hizi vijana wako Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Siwalaumu. Ila asubuhi natamani kusikia tena michi ikijibizana nyumba hadi nyumba.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Ukiulizwa unatoka wapi, pataje, hata kama anayeuliza hapajui, atapajulia kwako. Na ukikosea, usikae na kosa: lirekebishe miguu ingali na nguvu. Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe watoto watakaokuuliza habari za kwenu, nawe uwajibu bila kuinamisha uso.