Breki ya Mkono wa Kushoto

Nahodha wetu simpendi, na niseme hivyo mapema ili mtu asidhani nilianza kumchukia baada ya kisa hiki cha breki. Nilimchukia tangu Jumapili ya kwanza niliyofika pale uwanjani Luzira, hapa Kampala, aliponitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akanyoosha kidole na kusema, "Wewe nyabo, golo," yaani bibi wewe, nenda golini. Aliwahi kuwa askari, na Kiswahili alikitoa hukohuko: hana neno la kuomba wala la kubembeleza, ana amri tu. Mimi ni Mkenya, Luganda changu hakifiki mbali, basi nikawa ndiye wa kumwagiwa Kiswahili chake cha gwaride.

Mchezo wetu ni polo ya baiskeli. Watatu kwa watatu, kila mtu juu ya baiskeli yake, mkono wa kulia una nyundo ndefu ya kupigia mpira, wa kushoto umeshika usukani. Mguu ukigusa chini umejitoa mchezoni, hadi uende ukagonge ubao ulioko pembeni ndipo urudi. Tunachezea uwanja wa zamani wa netiboli, saruji iliyopasukapasuka na vumbi lisiloisha. Golini kazi yenyewe ni kuweka baiskeli kingamo na kungoja kugongwa. Wiki nzima nauza misumari na mabati kwenye duka la jumla, naamrishwa na kila mwenye mdomo. Jumapili ndiyo siku yangu. Sitoki kanisani mbio, sijala, ili nije niwe ukuta.

Nilipomwambia nataka kucheza mbele, alicheka.

"Wewe hapana jua kusimama. Mtu hapana jua kusimama, anakaa golo."

Kilichoniuma ni kwamba hapo alisema kweli. Kwenye timu yetu hakuna anayetoka golini mpaka aonyeshe: unaondoka golini kwa kasi yako yote, ukifika mstari wa katikati unasimama papo hapo, gurudumu halivuki, mguu haugusi chini. Nilikuwa nimejaribu na kushindwa mbele ya wote, tena si mara moja. Baiskeli yangu ilikuwa na breki ya nyuma peke yake, kama zao. Nikibana, gurudumu la nyuma linaserereka kwenye vumbi, baiskeli inakwenda upande kama ng'ombe aliyekataa kamba, nami natua kwa goti. Makovu ninayo mpaka leo.

Na hiyo breki ya nyuma peke yake si bahati mbaya. Ukinunua baiskeli Kampala ikiwa na breki mbili, fundi wa kwanza kuigusa anaing'oa ya mbele hata hujamwomba, na anakutazama kama aliyekufadhili. Watu hushuka vilima na matoke, na magunia ya makaa, na jerikeni za maji, na kila mmoja anamjua mtu aliyebana ya mbele akarushwa juu ya usukani na mzigo ukamfuata. Sawa. Lakini mimi sibebi matoke. Nabeba nyundo na hasira zangu, na uwanja wenyewe ni tambarare. Baiskeli inayosimama inaegemea gurudumu lake la mbele, na hapo ndipo pa kuishika. Niliitaka breki ya mbele, na niliitaka mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una kazi.

Nilikwenda kwa Mkongo mmoja anayeuza spea za mitumba Namuwongo, kando ya reli, jirani na ninapoishi. Ana lundo la vyuma limefunikwa kwa turubai, na yeye mwenyewe amekaa juu ya kiti cha gari kisichokuwa na gari. Nilimwambia ninachotafuta. Akaacha kutafuna.

"Ya mbele tu? Mama, weye unataka kufa?"

"Nataka breki."

"Ile ya mbele inaangushaka batu. Chukua ya nyuma, nitakupa nzuri."

"Ya nyuma ninayo. Wewe niuzie, wacha maneno."

"Ukianguka usirudie hapa kunililia."

Nilimwambia nikianguka nitamwangukia yeye, kisha nikachutama kwenye lundo lake nikaanza kuchambua, naye akinisimamia kichwani na kusonya. Kwanza ringi. Ringi za chuma zinang'aa vizuri lakini raba ya breki inateleza juu yake, kwa hiyo nilitaka ya aluminiamu, na spoki zake zote ziwe hai. Kisha foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, yenye vishikio vya kufungia breki, isiyopinda. Niliipima kwa jicho dhidi ya reli, kitu pekee kilichonyooka Namuwongo. Kisha breki yenyewe, ile ya mikono miwili mirefu, iliyotoka kwenye baiskeli ya mtoto wa Ulaya, springi bado kali. Leva niliitaka fupi, ya vidole viwili, ili vidole vilivyobaki vishike usukani. Aliniletea ndefu za kila aina. Nikazirusha zote lunduni, akanitukana kwa Kifaransa akidhani sitajua. Mwishowe nikaipata chini kabisa, imeshikana kwa kutu, na ikakubali nilipoipaka mafuta.

Wiki ile jioni zangu zote zilikwenda huko. Leva ya breki ya nyuma niliihamishia kulia, na kushoto nikaweka mpya kwa waya mpya, mfupi, usiojikunja. Nilisugua raba kwa msasa mpaka zikaacha kung'aa, nikazifunga zikumbatie ringi na zisiguse tairi. Nilikata duara mbili kutoka kwenye jerikeni la njano, nikazifunga kwenye spoki mpira usipenye. Baadaye nikaenda kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, nikajifunza kuibana polepole kwa vidole viwili huku matako nimeyarudisha nyuma ya kiti. Majirani walitoka kutazama. Wacha watazame.

Jumapili nilifika na kusema niko tayari. Nahodha akashika kiuno. Niliondoka golini nikikanyaga pedali kama ninayefukuzwa, nyundo kulia, nikaona mstari unakuja, nikarudi nyuma, nikabana. Raba zilitoa mlio mmoja mfupi. Gurudumu lilisimama juu ya mstari wenyewe, nami juu yake, miguu kwenye pedali, nikiyumba kidogo lakini sigusi. Nilihesabu pumzi zangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walimtazama nahodha kwanza.

Akaja, akaishika leva, akagundua. "Hii bleki ya mbere!" Akawageukia wenzake. "Hii inauwa. Mimi nitaonyesha nyinyi."

"Ya kushoto ndiyo ya mbele," nilimwambia. "Vidole viwili, polepole."

"Nyamaza."

Alipanda baiskeli yangu, akaondoka golini na nyundo yake mkononi, kifua mbele. Mtu yeyote aliyejifunzia baiskeli huku, mkono wake wa kushoto unajua breki ya nyuma, na unajua breki ya nyuma ni nzito, haishiki mpaka uibane kwa nguvu zote. Kichwa chake kilikuwa kimesikia nilichosema. Mkono haukusikia. Alipofika kwenye mstari alikamata leva kwa kiganja kizima, gurudumu la mbele likakwama, la nyuma likapanda juu, na nahodha wetu akaruka juu ya usukani akatua kwa mdomo kwenye saruji. Sitadanganya: nafsi yangu ilishangilia.

Alinyanyuka, mdomo umepasuka, damu kwenye jezi. Nikangoja aone aibu.

"Mumeona?" akawauliza.

"Tumeona," wakajibu.

Hata mmoja hakusema kwamba muda mfupi uliopita waliniona mimi nikisimama palepale bila hata kuchafua kiatu. Mlinda lango wa upande wa pili, mwanamke mwenzangu, alinitazama kisha akainamia soli za viatu vyake. Ikaamuliwa pale pale: breki itoke au nitoke mimi. Mtu akaleta spana.

Ningeondoka. Nimewaza mara nyingi jinsi ningeondoka, na maneno ambayo ningeyatema. Lakini ningekwenda wapi? Hakuna uwanja mwingine. Nilichukua spana nikaifungua mwenyewe, nati kwa nati, maana sikutaka wao waiguse.

Timu yetu ina desturi moja, na wanaipenda kuliko mchezo wenyewe: spea yoyote inayotolewa kwenye baiskeli pale uwanjani inaingia kwenye sanduku la bati chini ya mti wa mkwaju, na cha sandukuni ni cha wote. Imesaidia wengi, sikatai. Ufunguo anao nahodha. Nilitia ndani breki, leva na waya, akafunga, akanionyesha golini.

Miezi ikapita. Jumapili moja alikuja na baiskeli yake imefungwa kitambaa kwenye usukani. Alipokifungua niliiona: leva fupi, mkono wa kushoto, alama ya kutu palepale nilipoiacha.

"Hiyo ni breki yangu," nilisema, kwa sauti wote wasikie.

"Ya timu," alijibu. "Mimi nimejifunza nayo. Nyinyi bado."

Tukagawanywa pande mbili za mazoezi, yeye dhidi yangu, kipenga kikalia. Alikuja golini kwangu kwa kasi, kifua mbele kama kawaida yake, akarudi nyuma ya kiti, akabana kwa vidole viwili. Nikausikia ule mlio mmoja mfupi. Gurudumu lake lilisimama shubiri moja kutoka kwenye goti langu, mguu haujagusa chini, vumbi likanijaa mdomoni. Watu wakapiga makofi.

Ilishika vile vile nilivyoitengeneza ishike.