Mama Aliyeleta Mkanda wa Mazishi

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi wa video pale Rongo, tukingoja filamu ya karate, mama mmoja akaingia na mkanda chini ya leso. Ulikuwa wa mazishi ya mumewe. Kijana wake, ambaye naye alikuwa amezikwa siku chache kabla, alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na nyumbani hakuna picha yake nyingine. Mama alitaka kumwona tu.

"Mama, hapa si matanga! Omera, ndugu yangu, weka karate!" mtu akapiga kelele. Nakiri, ndugu msomaji, wa pili kupiga kelele nilikuwa mimi.

Mwenye video akauweka. Kijana akatokea, tayari amekonda, ameshika kamba, jeneza likashuka.

"Rudisha," mama akasema.

Mkanda ukarudi nyuma. Jeneza likapanda kutoka kaburini, kijana akatembea kinyumenyume na baba yake begani mpaka mlangoni pa nyumba.

"Simamisha hapo, baba," mama akamwambia mwenye video. "Usiende mbele tena."

Karate ikasahaulika. Mimi, ninayefundisha habari za ufufuo kila Sabato, nikasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Mama," mwenye video akasema polepole, "mkanda ukisimama sana unaharibika."

Akabonyeza kitufe, na kijana na baba yake wakaanza tena kwenda kaburini.