Neno Alilotoka Nalo Hasna Poland

Hasna wa Zanzibar ndiye mkalimani bora hapa Zhanqian Road, soko la nguo huku kwa Wachina, na anayebisha aje tuzozane. Alisomea ufumaji wa nguo Poland miaka mitano, Kipolandi kikamkaa. Kirusi alikiokota hapa hapa sokoni, kwa wanunuzi, leo neno hili, kesho lile.

Mteja wake mkubwa ni Natalia wa Odesa, Myahudi. Hasna alipolazwa hospitali mwaka jana, huyo mama ndiye aliyempelekea supu wiki nzima. Mimi Wangeci, niliyejiita rafiki yake wa chanda na pete, nilikuwa Nairobi.

Juzi dukani, Natalia akichagua magauni, Hasna alimpigia simu wakala wa meli, Mrusi, kumwomba mzigo usipakiwe Jumamosi. "Mteja wangu ni zhidovka," akasema kwa Kirusi, kwa heshima zote. "Siku hiyo hafanyi kazi."

Natalia akaliweka gauni alilolishika mezani, akatoka. Wueh! Hakurudi, na simu hakushika.

Cornel, mwenzetu wa sokoni aliyesoma Moscow, ndiye aliyetufungua macho. Poland, Myahudi ni zhid na mwanamke ni zhidovka; ndilo neno la vitabuni, asili yake Yuda, sawa na Yahudi letu. Warusi wanatumia jingine, yevrei, kutoka kwa Waebrania. Hilo la kwanza kwao ni tusi. Ndilo watu walilopiga nalo kelele wakivunja nyumba za Wayahudi.

"Basi kamusi iko upande wako!" nikamwambia Hasna. Yeye analia tu. "Kamweleze! Wacha Uswahili mwingi!"

Akaniangalia. "Wangeci, mimi Mswahili. Bibi yangu Mswahili. Wewe ukilitamka neno hilo, maana yake ni ujanja ujanja."

"Ai, si ni msemo tu!"

"Na langu lilikuwa la kamusi."

Tukaenda hotelini kwa Natalia. Hasna hakutaja Poland wala kamusi. Alisema, "Nimekuumiza, nisamehe," basi. Natalia akamshika mikono, akazungumza kwa muda. Nikauliza amesema nini.

Hasna akanitafsiria polepole, macho yake kwangu. "Amenisamehe. Anasema, wabaya wakimwita hivyo ameshazoea. Kilichomuuma ni kulisikia kwa mtu anayempenda."

Machozi yakanitoka, siwezi kudanganya. Natalia akanipa kitambaa, akidhani namlilia yeye.