Ubao wa Namba za Pumzi

Wenzake karakanani walimwita Pua, na jina likamkaa. Alikuwa seremala kwa miaka thelathini, na hakununua ubao kabla ya kuuparua kidogo, kuuleta puani na kuvuta harufu. Ndivyo alivyoujua mvule wa kweli na mvule wa kubandikwa jina.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua: Pua alisingizia baridi, akasingizia mto wa kulalia, akafika hata kusingizia manukato ya mkewe, na siku hiyo alilala na njaa. Dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali nayo haikumfaa tena kama mwanzoni.

Daktari, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, akampa kifaa cha kupuliza, cha kupima nguvu ya pumzi. "Wiki mbili karakanani, wiki mbili nyumbani. Asubuhi na jioni unapuliza, unaandika namba. Zikipanda ukiwa nyumbani, mzee wangu, tutajua mbaya wako ni vumbi la mbao."

Pua aliziogopa namba hizo kuliko ugonjwa wenyewe. Bila randa mkononi hakujua angekuwa nani.

Mwezi ulipoisha alirudi na mkewe, na kipande cha mvule kwapani. Karatasi? Seremala gani anaandika kwenye karatasi? Namba zote zilikuwa ubaoni, kwa penseli. Za karakanani mia tatu na kumi. Za nyumbani zilezile, siku nyingine pungufu.

"Unaona, daktari? Mbao hazina kosa," akasema huku akihema.

Daktari akapitisha kidole ubaoni, kikatoka na vumbi. "Huu ulikuwa unauweka wapi?"

"Kando ya mto wa kulalia," mkewe akadakia. "Na kila akikosea namba anaifuta kwa msasa, palepale kitandani. Mashuka yangu, mwanangu, usiniulize!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Akaeleza taratibu: kwenye njia za hewa mna mishipa ya fahamu inayoamuru misuli ikaze, na kwenye ncha zake mna vipokezi vinavyoiambia imetosha. Mwenye mzio akivuta vumbi lake, chembe za kinga hukimbilia pale na kumwaga kitu kinachoviziba.

"Ni kama breki zimegoma, mzee wangu. Misuli inakaza tu. Na wewe unalala na vumbi, zitapona saa ngapi?"

Wakarudia wiki mbili za nyumbani. Safari hii mkewe ndiye aliyeandika, kwenye daftari, chumba kimepigwa deki na ubao umetupwa. Mia tatu na arobaini. Mia nne. Mia nne na themanini.

Jioni ya mwisho Pua alipuliza, akatazama kishale cha kifaa, akapuliza tena, kikasimama palepale. Mkewe akapiga makofi kwa furaha. Yeye akakaa kitandani.

"Mama watoto," akasema, "basi mimi si seremala tena."

Mkewe akamshika bega. Pua akalia kwa sauti, kwa muda mrefu, na hakukohoa hata mara moja.